Sharti la Upinde wa Masalu

Masalu, Msukuma, alihamia Mamba, wilaya ya Mpanda, mwaka 1983 akitokea Shinyanga na ng'ombe arobaini. Katika sungusungu, jeshi la jadi linalosaka wezi wa mifugo, alijulikana kwa jambo moja: akipiga mshale hakosi.

Januari 1991 vita vya Ghuba vilianza, na mwalimu Evarist akawa anawasimulia majirani habari za redio. Alieleza kwamba ndege sasa zinaangusha bomu linaloongozwa mpaka kwenye dirisha lililochaguliwa. Mpimbwe mmoja, mwenyeji wa Mamba, alimgeukia Masalu, akamwita kama Wasukuma wanavyoitwa. "Ngosha, kumbe wamekuiga." Masalu alicheka, akasema hivyo ndivyo vita vya haki, maana asiyehusika haguswi.

Katikati ya Februari redio ikatangaza kuwa mabomu ya aina hiyo yameua mamia ya raia waliojificha kwenye handaki mjini Baghdad. Masalu aliuliza kama yalipotea njia. Evarist akasema hapana, yalifika palepale yalipotumwa.

Wiki iliyofuata ng'ombe wa Kija, jirani yake, waliibwa. Kija akamwonyesha Masalu mtu aliyekuwa akiswaga ng'ombe watatu ng'ambo ya mto. Masalu alilenga paja, akapiga paja. Mtu huyo alikuwa Silvester, mkulima wa mpunga, na ng'ombe walikuwa wake. Alipona, lakini mguu haukukunjika tena.

Mkutano wa sungusungu ulikaa kuamua kama Masalu anyang'anywe upinde. Asiye na upinde haitwi tena kwenye msako wala kwenye vikao. Alijitetea kwamba alipiga alipoonyeshwa. Kosa, alisema, ni la Kija. Evarist alisema hata rubani aliyepiga Baghdad angejibu hivyo. Ndipo Bernadetha, mke wa Silvester, alipoomba nafasi.

"Baba Manyanda," alimwambia Masalu, "ungekuwa mtu wa kupiga ovyo ningesema ni ajali. Lakini wewe unachagua mpaka sehemu ya mwili. Ulishindwaje kuchagua mtu?"

Mkutano ulimwachia upinde kwa sharti: asipige mtu kabla watu wawili hawajamtambua, na kati yao asiwepo mwenye mali. Wapigaji wengine hawakuwekewa sharti lolote. Masalu alilalamika kwamba anaadhibiwa kwa ustadi wake. Mwenyekiti alikubali kwamba ndivyo.

Mwaka 1994 ng'ombe wa Masalu mwenyewe kumi na mmoja walichukuliwa asubuhi. Aliwaona wezi, hatua sitini hivi. Aliwafuata akipuliza filimbi mpaka wakazama porini. Kija alipofika akihema, alimuuliza kwa nini hakupiga.

"Nilikuwa mmoja," alisema Masalu, "tena mwenye mali."