Jani la Isale Mezani

Kila buni kavu zinapomwagwa kwenye sinia la bati, hapa Himo ninapofanyia biashara, mkono wangu huacha kupima. Ule mchakacho hunirudisha jikoni kwa Bibi, Mwika, ambako Baba mdogo Eliya alinifundisha poka.

Baba mdogo alikuwa mpagazi wa watalii mlimani. Mchezo huo aliupata kambini, mvua ilipomfungia hemani pamoja na wageni. Fedha hatukuwa nazo, kwa hiyo tulichezea buni. Karata tano kila mtu. Mbili zinazofanana zinaishinda moja kubwa, tatu zinazishinda mbili. "Hesabu mara mbili," alikuwa akisema. "Kwanza karata zako, halafu uso wa mwenzako." Uso wangu, jamani, ulikuwa dirisha lisilo na pazia. Nikipata karata nzuri hata ng'ombe zizini walijua.

Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Jumapili moja karata zilichomoka kwenye koti la Baba mdogo nje ya kanisa, malkia wa kopa akatua juu ya kiatu cha mwinjilisti. Tangu hapo Bibi hakumsemesha mwanawe.

"Mwambie baba yako mdogo ale," aliniambia, naye amekaa pale pale, magoti yao karibu yagusane.

"Mwambie mama nimeshiba."

Nikawa posta. Mwishowe Baba mdogo akafunga begi: kesho yake anahamia Holili kupakia malori.

Jioni hiyo nilishika wafalme watatu, na buni zimeniishia.

"Nikishinda, huendi," nikamwambia.

"Na wewe unaweka nini?"

Nikatoka mbio hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikachuma jani, nikalitupa mezani. Kwangu lilikuwa jani tu, halina bei. Kumbe ni isale. Kwetu, anayekuletea isale anakuomba msamaha, na huwezi kumkatalia.

Kabla hatujafunua karata, Bibi akaingia na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akaliona.

"Eliya." Safari hii hakunipitia mimi. "Ni wewe umeleta hili?"

Baba mdogo akanitazama. Uso wake haukusema chochote.

"Ndiyo, mama."

"Basi yameisha. Fungua hilo begi. Na hayo makaratasi yako yasinifuate tena kanisani."

Baba mdogo akazichanganya karata bila kunionyesha zake. Mpaka leo inaniuma.

Miaka mingi niliamini kwamba tulimpiga Bibi chenga. Sasa wote wawili wamelala mgombani. Juzi nilikwenda kusafisha mpaka, nikainama pale yanapoota majani ya ng'ombe ambayo Bibi alipenda kukata. Ukiwa hapo unaona mlango wa jiko, unaona isale, unamwona yeyote anayetoka mbio kuja kulichuma. Nikasimama, nikainama tena, kuhakikisha.

Natamani nimgawie Bibi karata tano, mara moja tu, nikae mbele yake niutazame uso ule.