Mteremko wa Kintinku na Jiwe la Mama Elia

Wanaonijua hapa Unyambwa wanajua mimi si mtu wa kutishwa na gari. Shule niliacha darasa la nne, nikabeba magunia ya alizeti ya watu mgongoni, na leo mashine ya kukamua ni yangu, na pikapu inayopeleka madumu ya mafuta mjini ni yangu. Jina lake Kifaru. Ni ya zamani, breki zake za dramu magurudumu yote manne, na ukitaka isimame unapampu pedali kwanza. Hilo nilikuwa najisifia. Nilisema mwizi akiiba Kifaru hafiki mbali, atasimamishwa na ukuta. Nyuma ya kiti nilikuwa na jiwe la kukinga tairi kila nikiegesha penye mwinuko. Singida mawe hatununui, kwa hiyo nikaliita breki yangu ya akiba.

Sasa mwanangu Elia akapata mchumba Kintinku, kule bondeni wilaya ya Manyoni. Siku ya mahari ikapangwa, na mama yangu mzazi, ambaye siku hizi anatembea kwa kushikwa mkono, akatangaza kwamba basi hapandi. Atakaa mbele, ndani ya gari la mwanawe, watu wamwone akishuka. Nikafurahi. Mke wangu, Mama Elia, akaguna tu.

Fundi wangu wa mjini naye alikuwa ananisumbua siku nyingi. "Bosi, tuweke breki za diski mbele. Kuna mzee kule Kintinku ana gari kama hili hili, lilipata ajali, anauza vipuri. Diski zake bado mpya kabisa."

Nikamjibu kwamba Kifaru ameishi bila diski tangu yeye fundi yuko shule ya msingi.

"Kwa sababu Singida ni tambarare, bosi. Hapa hata baiskeli isiyo na breki inafika."

Maneno hayo yalinikera. Nikaamua niende Kintinku kabla ya siku ya mahari, niushuke mteremko mwenyewe, nizione na hizo diski. Nikiridhika na breki zangu, sinunui kitu, na fundi anyamaze.

Asubuhi ya safari, jua ndiyo linatoka, nilipowasha gari Mama Elia akafungua mlango akakaa.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kabla hujampakia mama, nipakie mimi kwanza."

Ikungi tulipita vizuri. Lami imenyooka, upepo unaingia dirishani, mashamba ya alizeti huku na huku. Nikamwonyesha mke wangu ninavyoendesha: penye kamteremko kadogo tu natoa gia, naacha gari lijiendee lenyewe, mafuta yanabaki kwenye tangi. Nimefanya hivyo miaka yote. Nikamwambia madereva wengi wenye vyeti hawana akili hiyo. Akasema, "Endesha, Baba Elia."

Manyoni tulikunywa chai na chapati. Tulipotoka, Mama Elia akaingiza mkono nyuma ya kiti, akalitoa lile jiwe, akaliweka mapajani juu ya kitenge chake.

"Sasa hilo la nini?"

"Si umesema ni breki? Nimelisogeza karibu."

Nikacheka mpaka muuza chai akatoka kutuangalia. Nilicheka, nasema kweli.

Baada ya Manyoni kuna mahali nchi inaisha. Unaendesha tambarare uliyoizoea, halafu mbele huoni tena ardhi, unaona bonde limelala chini kama ngozi iliyoanikwa, na barabara inajitupa humo. Nikafanya nilivyozoea. Nikatoa gia.

Kifaru akaanza kukimbia. Nikagusa breki, akapungua. Nikaachia, akakimbia zaidi. Nikagusa tena, na tena. Mara nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Kona ikaja, nikakanyaga, mguu ukaenda chini mpaka kwenye bati. Nikapampu. Hakuna. Nikapampu kama mtu anayejaza baiskeli upepo. Hakuna! Lori lilikuwa linapanda upande wa pili, dereva wake ananipigia honi, nami yangu siwezi kupiga maana mikono miwili yote iko kwenye usukani. Nikaunyakua mkono wa gia, ukanikatalia, ukapiga kelele ya vyuma kusagana, nikalazimisha, ikaingia gia ya tatu. Injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Pembeni palikuwa na mchanga uliorundikwa, nikalielekeza gari humo, likazama, likasimama.

Mama Elia alishuka. Akaweka jiwe mbele ya tairi, akalikanyaga kwa mguu likae vizuri. Halafu akaja dirishani kwangu. Mimi bado nimeshika usukani.

"Baba Elia," akasema polepole, "mama yako angekuwa amekaa pale nilipokaa mimi."

Nikashuka, nikagusa gurudumu, likaniunguza.

Tulingoja magurudumu yapoe hadi pedali ikarudi kidogo, tukaumaliza mteremko kwa gia ya kwanza. Waenda kwa miguu walitusalimia wakitupita.

Kintinku tulifika jua limeshapanda. Mwenye diski ni Mzee Ndahani, Mgogo, mrefu, mguu mmoja anauburuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamzunguka Kifaru akinusa.

"Mnyaturu, gari lako linanuka. Na hiyo pedali," akaibonyeza kwa mkono, ikazama, "mbona laini hivi? Umeweka mlenda badala ya mafuta ya breki?"

Wagogo ni watani wetu Wanyaturu, ndivyo walivyo. Nikamwambia Mgogo akinusa mlenda, ile mboga yao ya kuteleza, hudhani amekaribishwa chakula. Akacheka sana, akatupeleka nyuma ya nyumba.

Huko niliona gari. Gari lilikuwa Kifaru. Sura ile ile, rangi ile ile ya kijani, ila upande wa kushoto wote umeingia ndani, hakuna kiti, hakuna mlango. Na kwenye magurudumu ya mbele diski zinang'aa, nzima, hazina hata mkwaruzo.

"Mzee," nikauliza, "kama breki zilikuwa mpya, ilikuwaje?"

Akakaa juu ya tairi kuukuu. "Zilikuwa nzuri kweli. Nilipokuwa na dramu mbovu niliushuka mteremko ule kwa adabu. Nilipofunga diski, adabu ikaisha. Nikapakia mahindi, nikatoa gia, nikaachia. Kwenye kona nikakanyaga. Mbele zikashika, tena zikaganda. Nyuma sikuwa nimegusa kitu, viatu vya breki vimelowa mafuta, haviwezi kushika. Mzigo unasukuma, usukani hausikii, gari likaenda lilikotaka."

Mama Elia akauliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa peke yako, baba?"

Mzee akanyoosha fimbo upande ule uliobonyea. "Hapo alikaa mama watoto wangu."

Nikasema, kwa kukosa la kusema, kwamba diski nazichukua, ataje bei.

"Sikuuzii."

"Mzee?"

"Leo sikuuzii. Nenda kaanze na breki za nyuma. Mipira, viatu, mafuta, mabomba. Na gia uache kuitoa. Ukishamaliza pitia hapa, nikanyage pedali kwa mguu wangu. Nikiridhika nitakupa."

Kurudi tulipanda mteremko. Penye ule mchanga niliona alama za tairi zangu. Hatua chache mbele yake ukingo ulikuwa mtupu, hakuna chuma wala jiwe la kuzuia. Wakati wa kushuka sikuupata muda wa kuuona. Mjini sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nikamwambia afungue magurudumu yote manne, na kwamba alisema kweli. Akaniangalia akidhani naumwa.

Siku ya mahari mama alikaa mbele, katikati yetu, kilemba kipya kichwani. Juu ya mteremko niliweka gia ya pili na sikuitoa. Basi likatupita, bodaboda ikatupita.

"Mwanangu," mama akalalamika, "mbona tunatembea kama msiba?"

"Ili tusifike nao, mama."

Kabla ya kwenda ukweni tulisimama kwa Mzee Ndahani. Akapanda kwenye kiti changu, akakanyaga. Pedali ikasimama juu, ngumu. Akakanyaga tena, akakaa hapo muda, mguu wake mbovu juu ya breki, macho kwenye kile kiti cha kushoto. Halafu akashuka, akaniambia nitume fundi akazifungue diski.

Kwa hiyo anayeniuliza kama gari la zamani liwekwe breki mpya, namjibu: weka, ila mwisho, si mwanzo. Anza na za nyuma, na dereva naye. Na nasema bila kuona haya kwamba sasa hivi hakuna mtu anayeushuka mteremko ule taratibu kuliko mimi. Atakayebisha aje tushindane.

Diski zimeshafungwa. Nilimwambia Mama Elia sasa anaweza kulitoa lile jiwe garini. Jana tumekwenda naye Manyoni. Alikuwa amelipakata.