Nambari Iliyoenda kwa Mzee

Sina uhakika kama naandika haya kwa haki. Mimi ni mtu wa fomu four na kozi fupi ya kompyuta hapa Meru. Lakini uchaguzi ulikuwa wangu.

Kikundi cha akina mama wa Gachoka kilituomba, mimi na mwenzangu, programu ya kuuzia ndengu. Kila mmoja aingie kwa simu ya kikundi, aandike magunia yake kwa jina lake. Sehemu ya kuhakikisha anayeingia ni nani, tungechukua programu huria, ya bure. Tulipata mbili. Ya kwanza hutuma nambari ya kuingilia kwa meseji kwenye simu ya mtu mwenyewe. Ya pili humwachia mtu PIN ya kichwani mwake, ila maelezo yake ya Kiingereza yalinitoa jasho.

"Tuchukue ya pili," mwenzangu alisema. "Huko simu ni ya nyumba, si ya mtu."

"Siku hizi nani hana laini?" nikamjibu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana sijui. Nikaweka ya kwanza.

Siku ya kuijaribu, mama mmoja aliniambia ndengu zake amezilima peke yake, anataka kuona jina lake pale. Akaandika namba ya simu ya nyumbani. Tukangoja. Akaja mumewe, simu mkononi.

"Mama, meseji yako hii. Unaingia wapi bila mimi?"

Wenzake wakacheka. "Mzee, leo wewe ndio askari wa geti!"

Nisimwonee mzee huyo. Aliacha mbuzi wake akatembea juani kuleta nambari ile. Aliuliza tu, kwa upole, "Kwani hizo ndengu si zetu?"

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Andika jina lake," akasema. "Si simu ni yake?"

Nikaandika.

Mwenzangu hakunicheka. Sasa tunaweka ile ya pili, lakini magunia yale yameshachukuliwa na mnunuzi, na kwenye programu ni ya mzee. Naweza kubadilisha jina, ila si haki kufanya hivyo bila kumuuliza mama. Jana nikapiga namba niliyo nayo. Akapokea mzee.

"Sema tu, nitamwambia."

Nikasema nilikuwa nawasalimia.