Mbukwa Kutoka Redioni

Onyesho liliahirishwa mara mbili kabla ya sisi kuliona. Mara ya kwanza mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na uwanja ukawa dimbwi. Mara ya pili mwimbaji mwenyewe aliugua, na waandaaji wakatangaza kwamba wenye tiketi wazitunze. Mara zote mbili baba yangu alikuwa ameshashuka kutoka Kibakwe, amevaa koti lake la kuendea harusi za watu, na mara zote mbili nilimsindikiza stendi akarudi kwake bila kuona hata waya wa gitaa. Hakulalamika. Alisema mwimbaji ni mzee kama yeye, na wazee huugua.

Mimi nililalamika kwa niaba ya sote wawili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya huku Kongwa, na kulalamika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusahihisha. Tiketi zilipofika zilikuwa zimeandikwa kwamba fedha "haitarudhishwa", nikachukua kalamu nyekundu nikairekebisha ya kwangu, kisha nikairekebisha ya baba. Najua ni ugonjwa, lakini ndivyo nilivyo.

Nilichokitaka katika onyesho lile hakikuwa muziki. Nilitaka kumsikia baba akiitika salamu aliyoacha kuitika nilipokuwa kidato cha pili, na aliacha kwa sababu yangu.

Nyumbani Kibakwe tulikuwa na redio ya betri nne. Milima ya kwetu ni mizuri kwa maharage lakini kwa mawimbi ya redio ni balaa, kwa hiyo baba alifunga waya kwenye antena akauvuta hadi juu ya bati, na bado sauti ilikuja na kupotea. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na mahindi, zikapata nguvu ya kumalizia wiki. Jumapili mchana, tukishatoka kanisani, kulikuwa na kipindi cha nyimbo za maombi. Karibu kila Jumapili mtu mmoja mahali fulani nchini aliomba wimbo uleule, wa bendi moja ya magitaa ya Dar es Salaam.

Ulikuwa wimbo wa kumuaga rafiki aliyehamishwa kikazi. Mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba ya kubembeleza, na gitaa la solo lilimfuata nyuma kama mtu anayetaka maelezo. Kwenye kiitikio mwimbaji alianza neno peke yake, gitaa likaingia na kulimeza nusu, kisha waitikiaji wote wakalimalizia kwa pamoja: mbukwa. Walirudia mara nne.

Kwa asiyetoka kwetu, mbukwa ni salamu ya Kigogo. Unakutana na mtu njiani, unamwambia mbukwa, naye anaitika mbukwa, na asiyeitika ana lake jambo. Baba alilelewa katika Kigogo. Kiswahili alikipata baadaye, kanisani na sokoni, na hadi leo akikasirika kinamkimbia. Basi aliposikia watu wa Dar es Salaam, watu wenye magitaa ya umeme, wanamsalimia kwa lugha ya mama yake, alifanya ambacho mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaitika.

Hakuwa anatania. Aliitika mara zote nne, taratibu, macho kwenye redio. Mama aliitika kutoka jikoni, na sisi watoto tuliitika popote tulipokuwa. Nimekua nikijua kwamba Jumapili mchana bendi inatusalimia na sisi tunaitika, wala sikuona ajabu yoyote. Baba alikuwa hata na maelezo yake: mama mzazi wa yule mwimbaji lazima awe Mgogo. Alipopeleka mahindi soko la Kibaigwa aliwaeleza hivyo madalali na madereva wa malori, na waliobisha aliwaambia wasafishe masikio. Alirudi kutoka safari hizo amefurahi kuliko bei ya mahindi ilivyostahili.

Kisha nikaenda sekondari ya bweni. Karibu na shule palikuwa na duka ambalo mwenyewe alikuwa na redio kaseti kubwa, na siku moja wimbo wetu ukapigwa nikiwa nanunua sabuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia bila mikwaruzo. Nikasikia neno zima. Mwimbaji alikuwa anamwambia yule rafiki yake: utakumbukwa. Wiki hiyohiyo tulikuwa tunafundishwa mnyambuliko wa vitenzi, kauli ya kutendwa, na nilirudi bwenini nikicheka peke yangu. Nilijiona nimefumbua fumbo kubwa.

Likizo ilipofika nikalibeba fumbo langu hadi nyumbani. Jumapili ya kwanza tulikuwa na wageni, mzee mmoja wa kanisa na majirani watatu, tumekaa nje tunapukuchua mahindi na redio iko juu ya kigoda. Wimbo ukapigwa. Baba akavua kofia akaitika. Wageni nao wakaitika, maana habari ya mama wa mwimbaji ilikuwa imeshaenea mtaa mzima.

"Baba," nikasema, "hakusalimii. Anasema utakumbukwa."

Ningeishia hapo pengine ingepita. Lakini nilichukua gunzi, nikaandika lile neno kwenye vumbi mbele ya miguu yao, nikalikata vipande: hiki kiambishi, huu mzizi, hii kauli. Nilieleza kwa ufasaha. Hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kueleza vizuri hivyo. Mzee wa kanisa alicheka hadi akajifuta machozi, akamuuliza baba kama yule mama Mgogo bado yu hai au naye amehamishwa kikazi. Majirani wakaangua kicheko.

Baba aliangalia maandishi yale. "Kumbe," alisema, akavaa kofia yake.

Tangu siku ile hakuitika tena. Wimbo ukianza alikumbuka mbuzi, au uzio, au kitu chochote kilichokuwa mbali na redio. Mama naye aliacha siku ileile bila kuambiwa. Hakuna aliyenigombeza. Baba alianza kuniita Mwalimu, miaka mingi kabla sijawa mwalimu, na hata leo sijui kama ilikuwa fahari au ilikuwa mwiba. Sijawahi kumuuliza. Mama sasa hayupo, na sitamsikia tena akiitika kutoka jikoni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa sahihi. Ningekuwa nimekosea, ningeomba radhi yakaisha. Lakini utamwombaje mtu radhi kwa neno ambalo kweli ndilo lililoimbwa? Nimesahihisha maelfu ya daftari tangu wakati ule, na kila ninapofika kwenye kauli ya kutendwa naliona lile gunzi.

Kwa hiyo niliposikia kwamba bendi ile, au kilichobaki cha bendi ile, inazunguka mikoani kuaga, na kwamba Dodoma imo, nilinunua tiketi kabla sijafikiri. Kufikiri kulikuja baadaye, na kulikuja na hofu. Kibakwe salamu ile iliishi kwa sababu redio ilikuwa mbovu. Uwanjani kungekuwa na spika kubwa kama makabati, na neno lingesikika lote, herufi kwa herufi. Nilikuwa nampeleka baba akasahihishwe mara ya pili, safari hii na mwimbaji mwenyewe. Kila onyesho lilipoahirishwa nilikasirika mdomoni, huku moyoni napumua.

Mara ya tatu halikuahirishwa. Tulitoka Kongwa asubuhi, tukafika mapema mno, tukala chipsi mayai, tukaingia saa nane. Getini palikuwa na bango la kuwakaribisha "wapezi wa muziki". Niliuma meno nikapita. Baba alilisoma taratibu, neno kwa neno, kama anavyosoma kila kitu, kisha akaniuliza mbona sijatoa kalamu. Nilimwambia leo ni mapumziko.

Viti vya plastiki vilijaa polepole. Nyuma walikaa watumishi wa serikali, wale waliohamia Dodoma na ofisi zao kutoka kila kona ya nchi, wakaulizana maendeleo ya viwanja na nyumba. Pembeni walisimama wanachuo na simu zao, vijana ambao nadhani waliujua wimbo kwa sababu babu zao waliuimba. Mbele, tulipokaa sisi, walikuwa wazee wa mkoa: kofia za pama, vitenge vya sikukuu, fimbo zimelazwa chini ya viti. Mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu alituambia ametoka upande wa Mpwapwa, amepanda gari alfajiri. Fundi wa vyombo alisema moja mbili, moja mbili, kwa muda wa saa nzima na nusu.

Mwimbaji alipanda jukwaani akiwa ameshikwa mkono, akawekwa kwenye kiti. Nilishtuka kumwona mdogo wa mwili vile. Alisalimia kwa Kiswahili, akasema amefurahi kufika, akaomba maji. Nikaudhika. Kila mgeni anayepanda jukwaani Dodoma, hata awe amekuja kufungua choo cha shule, hujifunza kusema mbukwenyi, yaani mbukwa ya kuwasalimia wengi, na watu wakamshangilia. Huyu hakujisumbua. Sikuthubutu kumtazama baba.

Waliimba. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ile nyembamba haipo tena, na kwenye nyimbo za kasi aliwaachia wenzake. Lakini mpiga solo alikuwa yuleyule, mvi kichwa kizima, na vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Baba alikuwa anapiga mguu chini. Kwenye wimbo wa tatu aliniambia kwamba gitaa ukiliona linavyopigwa, unaelewa kwa nini lilikuwa linakatakata vile redioni. Nikamwambia lile lilikuwa tatizo la waya wetu. Nikajuta palepale.

Jua lilikuwa limeelekea kuzama gitaa lilipoanza mlio ule wa wimbo wetu. Niliufahamu kabla sijaufikiria. Baba aliacha kupiga mguu, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. Ubeti wa kwanza ukapita. Mwimbaji akavuta pumzi, akaanza lile neno, na spika zikalitoa safi, silabi kwa silabi, mpaka gitaa likaingia na waitikiaji wakamalizia.

Na viti vya mbele vikaitika: mbukwa.

Hawakupiga kelele wala hawakucheka. Waliitika kama watu waliosalimiwa. Mama wa Mpwapwa aliitika. Mzee wa mbele yetu aliitika, na fimbo yake aliiinua kidogo. Mara ya pili walikuwa wengi zaidi, na kutoka kule pembeni baadhi ya wanachuo wakaunga. Mwimbaji alimgeukia mpiga solo kama anayeuliza kuna nini. Mpiga solo akatikisa kichwa na kuendelea kupiga, maana hata yeye hakujua.

Miaka yote nilidhani lile lilikuwa kosa la nyumba yetu, la redio moja na waya mmoja juu ya bati moja. Kumbe nchi nzima ya Ugogo ilikuwa na redio mbovu, na Jumapili zile wote walikuwa wanaitika, kila mtu uani kwake. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amenyamaza, na alikuwa amekaa kulia kwangu, kofia kichwani.

Nikamwinamia sikioni, nikamuuliza mbona haitiki.

"Wewe ulishasema siyo salamu," akajibu. "Nikiitika utaona aibu."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza sababu ya kufunga mlango. Nikaelewa kwamba lile "kumbe" la siku ya mahindi halikuwa la kuumia peke yake. Alikuwa na binti aliyekwenda sekondari, wa kwanza katika ukoo, na hakutaka binti huyo awe na baba wa kuchekwa. Alinyamaza kwa ajili yangu, akaendelea kunyamaza hata nilipokuwa na mvi zangu mwenyewe. Machozi yalinitoka, sikuyazuia.

Ubeti wa pili ulikuwa unaisha. Ningeweza kumwambia kwamba nilikosea, lakini baba anajua kusoma, na neno lilikuwa limesikika uwanja mzima.

"Yeye anasema utakumbukwa," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayekusalimia."

Alinitazama. Mwimbaji akaanza neno lake, gitaa likaingia. Waitikiaji walipofungua midomo, nikamwambia baba yangu mbukwa, kwa sauti, mbele ya watu, mara nne kama wimbo unavyotaka. Alivua kofia, akaiweka gotini, na mara zote nne aliitika.