Mbuzi Hawakupanda Ndege

Nakumbuka siku moja ndoa yangu ilikwama barabarani, nami niko Beni nimejipaka mafuta, nangoja. Ulipouliza asubuhi, kwa ajili ya safari yako, Butembo ni mbali kiasi gani, mjukuu wangu, nilicheka peke yangu. Mbali? Inategemea nani anasafiri, na amemwacha nani.

Ulikuwa wakati wa vita hapa kwetu Kongo. Barabara ilikuwa matope na vizuizi vya askari, na gari likitoka Butembo, watu walisali rozari mpaka lifike. Lakini kulikuwa na kandege kadogo, kanaruka pale Rughenda, uwanja wa Butembo, na kutua kwetu Beni kabla chai haijapoa. Basi mchumba wangu Kambale, mtu wa Butembo, ndiye huyu babu yako anayekoroma hapo, akaona ya nini kuteseka. Akawapandisha wajomba zake kwenye lori pamoja na mbuzi wa mahari, yeye akapanda ndege, tai shingoni!

Kwetu, mkwe haingii uani kabla ya mbuzi, wala hafungui kinywa bila wazee wake. Baba alimkuta langoni.

"Mbuzi biko wapi?"

"Biko njiani, papa."

"Na banjomba yako?"

"Nabo biko njiani. Miye nilikuya na avion."

Baba akavitazama viatu vyake, vinang'aa. Akasema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha: "Donc, basi, vita iko njiani, bazee yako biko njiani, na weye uko hapa musafi. Kesho utaacha mutoto yangu njiani vilevile. Hapana, kijana. Rudi."

Jamani! Nilikuwa nyuma ya mlango na shangazi, nikalia mpaka mafuta yote yakatoka usoni. Nilimpenda yule mjinga. Shangazi akanifinya: "Nyamaza, tuone kama huyu iko na miguu ya kurudia bazee yake."

Kumbe alikuwa nayo. Alivua viatu, akavifunga kwa kamba zake na kuvitundika shingoni juu ya ile tai, akashika barabara. Lori lilikuwa limezama matopeni huko Kabasha. Akawakuta wajomba wamekaa kando wamenuna, na mbuzi wanakula maharagwe ya watu. Wakaja wote kwa miguu. Walifika kesho yake jioni, mchumba wangu matope hadi masikioni, amebeba mabegani mbuzi jike mmoja mzee aliyegoma kutembea. Baba alicheka mpaka akashikilia lango.

"Sasa ndiyo umefika," akamwambia. "Ingia."

Mwanangu, jifya moja haliinjiki chungu. Panda ndege, sikukatazi. Hata haya magoti yangu yanaipenda. Lakini kabla ya kupanda, uliza ni nani unamwacha chini, na njia yake ikoje. Furaha ya wengi usiitangulie peke yako. Na ukishakosea ukatangulia, usione haya kurudi ukachafuka pamoja na wenzako. Mimi niliolewa na mtu aliyerudi. Vita vilitukimbiza tena na tena baada ya hapo, na hakuna siku hata moja niliyouona mgongo wake mbele yangu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufupishie njia, na akupe watu wa kufika nao.