Huyu Alikutangulia

Miaka kumi na tisa Mama Muhuri alikaa dirisha la mapokezi la hospitali ya wilaya, akigonga saa ya kufika kwenye kadi ya kila mgonjwa. Kisha akaja mganga mkuu mpya, ameagizwa apunguze muda wa kusubiri. Hakuongeza daktari wala benchi. Alihamisha muhuri: ugongwe mlangoni kwa daktari, mgonjwa akikaribia kuingia. Ndani ya wiki moja masaa manne yakawa dakika tisa, naye akapewa cheti, akakitundika juu ya meza yake.

Mwezi wa pili, mdogo wake Mama Muhuri alikaa benchi la tatu tangu asubuhi, kidole tumbo kikampasukia hapo hapo. Alifia mezani kwa daktari. Kadi ikasema amesubiri dakika tisa. Msibani mganga mkuu alimshika mfiwa mkono akamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba takwimu zinaonyesha marehemu alihudumiwa haraka. Mama Muhuri akaitikia asante. Kadi akaitia mkobani. Aliyemjua angejua asante ile ina meno.

Alingoja mwaka mzima. Kungoja alikuwa amejifunza kwa wataalamu, wale wa mabenchi.

Wakaguzi walipokuja, mganga mkuu aliwaambia kifua mbele kwamba hapa hata yeye hupanga foleni. Chai haijapoa, mawe ya figo yakamkaba. Mama Muhuri alimuuliza muuguzi kama mawe hayo huua. Akajibiwa kwamba hayaui upesi, hutesa tu. Akaridhika.

Mganga mkuu akajikokota hadi dirishani. "Nigongee, mama," akanong'ona.

"Muhuri uko mlangoni, mzee. Agizo lako. Karibu benchi la tatu."

Mkaguzi mmoja alikuwa ameketi pale na daftari lake, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa nyuma. Bibi kizee akamsogezea mganga nafasi, akamwambia asijali, atazoea. Akazoea masaa manne, amejikunja kama kamba wa kuchemsha.

Alipotoka kwa daktari, kadi yake ilisema dakika saba. Mkaguzi akamtaka athibitishe kwa sahihi. Mganga akaikodolea macho kadi, akaomba kalamu asahihishe.

Mama Muhuri akampa. Kisha akatoa mkobani kadi nyingine, pembe zimechakaa, akaiweka juu ya ile ya mganga.

"Anza na hii, mzee. Huyu alikutangulia."