Kochi la Damu ya Mzee

Jirani yangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Kesho. Jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimpelekea kochi, atalivua kitambaa mbele ya macho yako, ang'oe misumari na kutupa sponji pembeni, ili usiweze kulihamishia kwa fundi mwingine. Baada ya hapo neno lake ni moja tu: njoo kesho.

Nyumbani kwake hakukuwa na kochi. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alizidi: wageni walikalia ndoo zilizopinduliwa. Mama mkwe wake alipokuja mara ya kwanza baada ya harusi, alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akauliza, "Sasa mwanangu utamkalisha wapi?" Kesho akajibu kama kawaida yake. Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, na bibi yao akakataa kukanyaga pale mpaka apate pa kukaa.

Sikukuu ilipokaribia, Kesho alimtumia salamu: kochi lipo, mama, njoo tule pamoja jioni. Safari hii aliapa kwamba ataheshimiwa. Mchana nililiona likiingia kwake, refu, la mahameli rangi ya damu ya mzee, bado limevikwa nailoni. Mimi nilialikwa kwa sababu sahani zilikuwa zangu.

Mama mkwe aliketi katikati, nailoni ikalia chini yake. Akalipapasa. "Mkwe, leo umenifunga mdomo," alisema.

Kesho akavimba kichwa. Alifungua mlango na madirisha yote ili wapita njia nao wafaidi. Ila kila aliyeshika bakuli la mchuzi, Kesho alimkimbilia na taulo asije akalimwagia kochi.

"Baba watoto, kaa basi ule," mkewe alimwambia. Hakukaa.

Ndipo akatokea mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mama asiyeogopa kelele, na nyuma yake dada yake na mashemeji wawili wenye vifua.

"Hodi," alisema, akiwa ameshaingia. "Fundi, na mimi nina wageni wa sikukuu. Tangu asubuhi wamekaa chini. Nimekuja kuchukua kochi langu hata kama ni mbao tupu." Kisha akaliona. "He! Kumbe limekwisha!"

"Mama, nilikuwa... nalijaribu springi."

"Na mchuzi nao ni wa kujaribia springi?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hili hata hakuliazima. Mkunga aliwageukia wageni wake. "Kaeni jamani, mpo kwangu." Wakajibana pande zote mbili za mama mkwe, wakapakua chakula bila kungoja kukaribishwa. Nilicheka, sikatai. Nilicheka mpaka wali ukanipalia.

Mama mkwe hakucheka. Alingoja mkunga ameze, akamuuliza, "Mwenzangu, ulimpa lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Kila nikija, kesho."

"Basi wewe una bahati," mama mkwe alisema, akainuka. "Chako unakibeba unaondoka nacho. Mimi nilimpa binti."

Hapo nikamtazama mkewe, na kicheko kikanikauka. Alikuwa amesimama na jagi la maji, macho chini. Mashemeji walifuta midomo, wakalibeba kochi, wakaligongesha kidogo kwenye fremu ya mlango, wakatoka nalo. Mkunga alishukuru kwa chakula. Alishukuru kwa moyo kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mke wa fundi aliweka jagi chini, akaenda uani, akarudi na ndoo mbili. Akampokonya mumewe taulo, akaipangusa moja, akaipindua mbele ya mama yake.

"Kaa, mama."

Kesho akafungua mdomo. "Mama, usijali, ke—"

"Usilimalize hilo neno," mkewe alisema.

Mama mkwe alikaa. Fundi akainyooshea mkono ndoo ya pili, lakini mkewe alikuwa ameshaikalia.